Watu Niliowatoa Mwaloni

Niliwahi kuwapangia mama mkwe na mkwewe darasa moja la kulala, mkeka kwa mkeka, kisha nikasimama mlangoni nikijisifu kwa mpangilio wangu. Ajabu ni kwamba sikuwa mgeni wa huku. Mimi ni mtoto wa Mara, na mama mkwe wangu mwenyewe akitokea barabara ya sokoni pale Musoma mimi naingia duka lolote lililo karibu. Ndivyo nilivyowahi kujikuta naulizwa na mwenye duka gauni nataka saizi gani. Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, na kulala chini ya paa moja hata wendawazimu hawalali. Nayajua hayo tangu nanyonya. Lakini mtu akishika kalamu ya serikali anasahau alikozaliwa.

Nilikuwa nimegawa madarasa kwa kufuata nyumba kumi kumi, balozi na watu wake chumba kimoja, kama semina ilivyotufundisha. Balozi wa darasa hilo alikuwa mvuvi anayeitwa Masatu. Miongoni mwa watu wake alikuwamo mjane anayeitwa Nyabweke, ambaye ndiye aliyemzaa mke wa Masatu. Nyabweke alipoona mkeka wake umetandikwa wapi, aliukunja, akauweka kichwani, akashika njia ya kurudi nyumbani kwake kwenye mvua, na wakati huo ziwa lilikuwa limeshafika mlangoni kwake.

Vijana mlioachiwa kiti changu mmeniomba niwaandikie kazi hii ya kuwahamisha watu kabla maji au moto au bomu halijawafikia. Habari za vyeo nitaziacha, maana ni fupi. Nitaandika zaidi habari ya Nyabweke, kwa sababu kila nilichojifunza kazini nilikipeleka kwake, na hakikutosha.

Niliajiriwa Musoma miaka ile ya dhiki, sabuni ikitafutwa kama dawa. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri, na nadhani mwandiko ndio uliopata kazi, mimi niliusindikiza tu. Vita vilikuwa vimetuachia woga wa ndege. Hata ndege ya posta ikipita, mji mzima unatazama juu. Wakubwa wakaamua kwamba mkoa uwe na mpango: Musoma ikibidi iachwe, watu wakimbilie wapi, wapitie wapi, wakifika walale wapi na wale nini. Kazi hiyo akapewa Mzee Wambura, mrefu, mkimya, aliyewahi kuhamisha vijiji wakati wa vita ng'ambo ya ziwa, na mimi nikapewa Mzee Wambura.

Siku ya kwanza nilivaa suruali ya harusi nikidhani nitaonyeshwa ramani. Akaniambia, "Kijana, rudi nyumbani kwako Kigera. Kaa ndani. Fikiria umeambiwa uondoke sasa hivi na hujui kama utarudi. Kesho uniambie ulibeba nini."

Sijawahi kupenda amri kama ile. Mimi kukaa nyumbani ndiyo starehe yangu. Mke wangu, Mama Majura, husema nikifa hawatanichimbia kaburi, watafukia tu kiti changu nikiwa humo humo. Basi nilikaa siku nzima nikilipwa na serikali, kesho yake nikaripoti.

"Redio," nikamwambia Mzee Wambura. "Halafu godoro. Halafu mke."

"Mke umemweka nyuma ya godoro."

"Mke anatembea mwenyewe, mzee."

Hakucheka. Alisema, "Wewe umejifikiria kutwa nzima, umekaa pakavu, umeshiba, na bado hukujua kutoka. Huyo utakayemgongea mlango atakuwa na dakika moja na mtoto analia. Usimcheke kamwe kwa anachobeba."

Habari ya redio na godoro ilifika Kigera kabla yangu. Mama Majura hajaisahau mpaka leo.

Zana zetu mngeziona mngehurumia. Filimbi ya refa. Kamba ya katani. Kipaza sauti cha mkono kisichokuwa na betri, kwa hiyo tulikitumia kama tarumbeta, unapiga kelele upande mmoja na inatoka kelele ile ile upande wa pili. Ramani niliichora mwenyewe nyuma ya kalenda kuukuu, Musoma huku, Butiama katikati, Bunda kule kwenye barabara ya Mwanza. Dizeli haikuwapo. Kila mpango tulioandika ulianza na maneno "endapo mafuta yatapatikana", Mzee Wambura akayaita sala ya kufungulia.

Zoezi letu la kwanza kubwa lilikuwa upande wa Butiama. Tuliwaambia wanakijiji kwamba filimbi ikilia kila mtu aache alichoshika, aende uwanja wa shule. Nikapuliza. Kitu cha kwanza kufika uwanjani kilikuwa ng'ombe. Wakafuatia ng'ombe wengine. Wakafuatia wanaume na fimbo, kisha akina mama na vyungu, na vumbi lilipotua nikamuuliza mzee mmoja watoto wake wako wapi.

"Watakuja," akasema. "Mtoto ana akili, anajua njia. Ng'ombe hajasoma mpango wako."

Nilitaka kumhutubia. Mzee Wambura akanishika mkono, akaniambia niandike: kwanza ng'ombe watasimama wapi, pili watakunywa nini, ndipo uje kwa watu. Tangu siku ile hivyo ndivyo nilivyopanga kila kituo. Ukiwawekea ng'ombe mahali pazuri, wenye ng'ombe watakuja wenyewe na hutapuliza filimbi mara ya pili. Usipowawekea, utapuliza mpaka meno yang'oke. Mengine niliyojifunza kwake ni haya: choo kichimbwe upande wa chini wa kituo na kichimbwe kabla hata mtu mmoja hajafika. Chumvi iwepo kabla ya unga, maana unga mtu huja nao, chumvi huisahau. Na mama anayekataa kutoka usibishane naye, chukua sufuria yake uipandishe kwenye lori huku anakuona. Atakutukana, lakini atapanda.

Mahali pa kulaza watu wengi tulikuwa napo Bunda, kwenye ghala la pamba. Miaka ile ya shida lilikuwa tupu muda mwingi, na sisi tulilipenda hivyo hivyo tupu. Nililipima kwa hatua zangu, nikagawa pembe kwa chaki, hapa wajawazito, hapa wazee, hapa wenye kikohozi. Lilikuwa fahari yangu. Nilifika hatua ya kulisimulia kwa Mama Majura wakati wa chakula, naye akaniuliza kama nina mpango wa kulioa.

Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Madukani vitu vikarudi, sabuni ikawa na majina, na kila kilichokuwa cha watu wote kikaanza kupata mwenyewe. Mzee Wambura alikuwa ameshastaafu, amerudi kwao kulima. Nikabaki na kalenda yangu na filimbi. Nilikwenda Bunda kukagua ghala nikakuta kufuli jipya na mlinzi amekaa juu ya kreti.

"Hili ghala liko kwenye mpango wa maafa wa mkoa," nikamwambia.

"Huo mpango tajiri anaujua?"

"Ni mpango wa serikali."

"Basi maafa yakija, mje na serikali ifungue."

Niliporudi Musoma nilikaa na karatasi zangu nikapitia vituo kimoja kimoja, na nikagundua kwamba nusu ya mahali nilipopanga kuwalaza watu hapakuwa petu tena. Mpango ulikuwa mzima, umechapwa vizuri, una mhuri. Nyumba tu ndizo hazikuwamo. Niliwaeleza wakubwa, wakasema shule bado ni za umma, tutumie shule. Kwa hiyo mkikuta kwenye mafaili yangu kila mshale unaelekea shuleni, msidhani ni busara. Ndizo zilizobaki.

Mwaka wa zile mvua zilizokataa kukoma, ziwa lilipanda. Wa mjini mtakumbuka maji yalivyoingia kwenye nyumba za chini kule Kigera, mpaka mimi mwenyewe nilianza kuangalia kiti changu kwa huruma. Lakini hali mbaya zaidi ilikuwa kwenye vitongoji vya ufukweni upande wa Kiriba, na kimoja kilikuwa Ruhando. Watu wa Ruhando walikuwa wamejenga mwaloni kabisa, yaani pale pale mitumbwi inapotua na samaki wanapouzwa, kwa sababu mvuvi akilala mbali na mtumbwi wake analala na wasiwasi. Nilipewa lori moja na mafuta ya kwenda na kurudi, nikaambiwa niwatoe wote niwapeleke shule ya msingi iliyoko mlimani.

Kuwatoa kulikwenda vizuri, naomba mniamini hapo, sina mengi ya kujivunia. Nilimtafuta balozi kwanza. Masatu alikuwa mtu wa miraba minne, sauti ya kuitana ng'ambo ya ghuba. Akaniangalia na filimbi yangu.

"Wewe ndo Bwana Maafa?"

"Ndiyo mimi."

"Kila ukijaga huku ujue kuna balaa. Siku moja uje bila balaa tukuone unafananaje."

Nikamwambia tusianze na watu, tuanze na mitumbwi na nyavu, kama Butiama tulivyoanza na ng'ombe. Tangu hapo akaniita kaka. Wanaume waliikokota mitumbwi juu ya magogo mpaka uwanja wa shule, na nyavu zikaja na lori. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kusukumwa. Aliyenipa tabu kidogo ni jirani yake Nyabweke, Mama Nyangeta, muuza dagaa mwenye ulimi kama wembe. Nilichukua sufuria yake nikaipandisha kwenye lori kama nilivyofundishwa. Akasimama chini na mikono kiunoni.

"Mwizi wa sufuria umetumwa na mkoa au umejituma?"

"Panda mama, sufuria iko salama."

"Hiyo imetoboka. Nzuri iko ndani, rudi ukaibe vizuri."

Basi tukafika shuleni, nikagawa madarasa, na nikafanya ule upumbavu nilioanza nao. Niliushtukia pale nilipoona Masatu, mtu mkubwa vile, amesimama nje chini ya upenu, mgongo ameugeuzia mlango, maji yanamchuruzika mabegani. Nikamuuliza haingii kwa nini.

"Mama yuko humo," akasema bila kugeuka.

Nikachungulia ndani. Mama hakuwamo. Mkwe alikuwa ametoka ili mama akae, na mama alikuwa ametoka ili mkwe akae, na wengine wa nyumba zao wametoka kwa aibu ya hao wawili. Darasa lote nililolipanga mkeka kwa mkeka lilikuwa na kuku watatu wa Mama Nyangeta, wametulia, wakavu, wanaona serikali imefanya jambo la maana.

"Ameenda wapi?"

Mama Nyangeta ndiye aliyejibu. "Anaendaga wapi mtu akifukuzwa? Kwake."

Tulishuka naye, mimi na Mama Nyangeta, tukishikana mikono pale njia ilipogeuka kijito. Nilimkuta Nyabweke amekaa juu ya kinu alichokilaza kizingitini. Maji yalikuwa yanaingia ndani yanatoka, yanaingia yanatoka, kama mtu aliyesahau kitu. Mkeka ulikuwa bado kichwani.

"Mama, twende. Nyumba hii haitasimama."

"Naona."

"Basi twende."

"Nikalale na mkwe wangu chumba kimoja? Anione navua kitambaa kichwani? Afadhali ziwa, mwanangu. Ziwa siyo mkwe wangu."

Nilimwomba radhi. Nilimwambia ni kosa langu, si la Masatu, na kwamba nitapanga upya. Alinisikiliza kwa adabu, kama watu wanavyosikiliza tangazo la mnada. Mama Nyangeta akaingilia, akamwambia kuna stoo ya majembe nyuma ya darasa la mwisho, ina mlango wake, inaangalia porini, na atalala naye humo. Nyabweke akafikiri. Halafu akaniuliza swali ambalo katika miaka yote ya semina sikuwahi kuulizwa na mtu.

"Nitarudi lini?"

"Maji yakishuka, mama."

"Nani atanirudisha?"

Ningeweza kusema mkoa. Ningeweza kusema kamati. Mvua ilikuwa inanipiga, nilikuwa nimechoka na nilikuwa na aibu.

"Mimi," nikasema.

Akanyanyuka pale kwenye kinu. Tulifika shuleni, na nyumba yake ilianguka kabla mvua haijapumzika.

Madarasa tuliyapanga upya, au niseme kweli, aliyapanga Mama Nyangeta. Alisimama mlangoni, na kabla hajamuuliza mtu jina alimuuliza, "Mkwe wako nani humu?" Waliokuwa na mashaka akawapeleka jikoni, nyumba ya mwalimu, au nyuma ya turubai. Kufika jioni kila mtu alikuwa ndani. Mkichukua kitu kimoja kwenye maandishi haya chukueni hicho: kabla hujagawa hata mkeka mmoja, mtafute mwanamke wa pale anayejua nani amemwoa nani, mpe mlango, halafu wewe kaa pembeni unyamaze.

Waliishi pale muda mrefu kuliko nilivyowaambia. Mitumbwi ikakaa uwanjani, na masomo yaliporudi watoto wa madarasa ya chini walisomea humo ndani ya mitumbwi, wamekaa kwenye mbao za wapiga makasia wakikariri hesabu. Mwalimu mkuu alinivumilia, halafu uvumilivu ukamwishia.

"Bwana Maafa, wageni wako nawapenda. Lakini shule imekuwa bandari."

Maji hayakushuka kama yalivyopanda. Yalirudi pole pole, kama mgeni anayeaga kisha anakumbuka hadithi nyingine. Watu wakaanza kutawanyika kwa ndugu, kidogo kidogo. Nami nikaenda ofisini kuomba lori la kuwarudisha wale waliobaki, na mabati au hata miti ya kujengea. Mhusika alikuwa mtu mwema. Alifungua kitabu chake akanionyesha.

"Fungu la kuhamisha lipo. Limekwisha, lakini lipo. La kurudisha halijawahi kuwepo."

"Tulisahau kuliweka?"

"Hakuna aliyewahi kuliomba."

Ni kweli. Nilichomoa mpango wetu, ule niliouandika na Mzee Wambura na kuuongeza mwenyewe mwaka hadi mwaka, nikausoma mwanzo mpaka mwisho. Ulijua ng'ombe watasimama wapi. Ulijua chumvi. Ukurasa wa mwisho uliishia watu wamelala vituoni, wameshiba, na mhuri. Hakuna aliyeamka ndani ya ule mpango.

Niliposhuka Ruhando nikakuta mambo yamenitangulia. Mwalo ulikuwa umekauka, mweupe, msafi, hauna hata kibanda, na katikati yake vijana walikuwa wanasimamisha nguzo. Mnunuzi mmoja wa sangara, tajiri mgeni, alikuwa amepewa eneo la kujenga kituo cha kupokelea samaki, na mashine ya barafu. Walioamua siwataji, wapo, na mimi nataka kuzeeka kwa amani. Paliitishwa mkutano, nikaenda, nikanyoosha mkono.

"Pale ni nyumbani kwa watu," nikasema.

"Si ni wewe uliyewatoa kwa kuwa ni hatari?"

"Ilikuwa hatari kulala, maji yakiwa juu."

"Basi huyu halali. Atanunua samaki mchana."

Mkutano ulicheka, na mimi nikacheka kidogo, maana ni desturi yangu mbaya kucheka mtu akisema vizuri. Hivyo ndivyo ilivyopita: mwalo ule ni hatari kwa watu na ni salama kwa samaki. Nilikwenda tena. Nilikwenda mara nyingine. Niliambiwa nisubiri, nami nikasubiri kwa ushujaa mkubwa, kwani kusubiri mtu akiwa amekaa ndicho kipaji nilichozaliwa nacho. Hata Masatu aliacha kuniunga mkono. Yule wa barafu alinunua samaki wake wote wakiwa wabichi, bila kukopa, jambo ambalo hakuwahi kufanyiwa na mtu tangu aanze uvuvi.

"Kaka, usinichonganishe," akaniambia. "Nyumba nimeshajenga huku mlimani. Na mama nitamjengea."

Nikarudi Kigera. Yalikuja mengine, moto wa sokoni, kimbunga kilichoezua paa, mara moto tena. Niliwatoa watu, niliwalaza, niliuliza wakwe zao. Kila mara nilijaribu kuandika ule ukurasa wa kurudi, na kila mara ulirudi kwangu ukiwa na maneno "umepokelewa". Siku ya kuagwa mlinipa saa ya ukutani, mimi mtu ambaye kuanzia siku ile hakuwa na pa kuchelewa. Ahsanteni. Mama Majura ameitundika mbele ya kiti ili nione ninavyozeeka.

Wiki chache baada ya hapo nilifanya jambo lililomshangaza. Niliaga nikatoka. Kwenda Ruhando siku hizi usafiri wa uhakika ni gari la samaki la yule wa barafu, na ndilo nililopanda, nikakaa nyuma juu ya makasha matupu yanayonuka sangara. Walinishusha mwaloni. Kituo ni kizuri, kina sakafu ya saruji. Nikapanda mlimani kwa miguu.

Kwa Masatu kuna nyumba ya bati, na nyuma yake, mbali kidogo, kuna kijumba cha udongo ambacho mlango wake unaangalia porini. Kati ya hivyo viwili kumepandwa ua wa minyaa, umekua kupita kimo cha mtu. Nyabweke alikuwa upande wake wa ua, anakoroga uji. Amekuwa mdogo. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Karibu mwanangu. Umekuja kunirudisha?"

Hakusema kwa kejeli. Angesema kwa kejeli ningekuwa na la kujibu.

"Nimestaafu, mama."

"Aa. Umestaafu." Akaufikiria ule uji. "Basi kaa unywe."

Nikakaa. Akanieleza wanavyoishi. Masatu ni mkwe mwema, hamnyimi kitu. Akirudi kutoka ziwani hukohoa pale njia panda, na Nyabweke hujua aingie ndani. Akiwa uwanjani, yeye haendi kisimani. Akilala mchana, yeye hapigi kinu kwa kuwa kinu kinaita watu nje. Masatu akiwa majini ndipo yeye anapika. "Sijafika mwaloni tangu siku ile uliyonifuata," akasema. "Njia inapita mlangoni kwake."

Mama Nyangeta akatokea kichochoroni na beseni lake la dagaa. Amezeeka kila kitu isipokuwa ulimi. Alinisalimu, akauliza habari za nyumbani, akauliza kama bado naiba sufuria, nami nikacheka kwa furaha ya kutukanwa na mtu ninayemjua. Nikawa nataka kumweleza habari ya ule ukurasa, na fungu lisilokuwepo, na mikutano.

Kikohozi kikasikika njia panda. Nyabweke akaipua sufuria, akachukua bakuli lake la uji alilokuwa hajaligusa, akaingia ndani, akavuta mlango. Tukabaki mimi na Mama Nyangeta tumesimama kwenye ule upande wa ua mpaka Masatu akapita. Ndipo Mama Nyangeta akajitwika beseni lake, akanitazama usoni, na maneno yake nayaandika kama alivyoyasema:

"Maji yalikuja yakaondokaga yenyewe, Bwana Maafa. Huyu wa barafu ndo hajaondoka, na kiwanja ulimsafishia wewe."